Mtoto mwenye mahitaji maalumu: mwongozo wa mzazi, kutoka kliniki mpaka darasani

Nunua daftari kwanza. La kawaida la shule, linaloingia kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki. Sababu nitaieleza, lakini kama unasoma haya usiku wa manane baada ya kushinda siku nzima na mtoto anayepiga kichwa ukutani, na nguvu uliyobakiwa nayo ni ya jambo moja tu, basi iwe hilo.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 11 mwenye usonji, hali ya makuzi ya ubongo inayogusa mawasiliano na mwenendo wa mtoto. Tunaishi Dar es Salaam. Miaka mitatu ya mwanzo niliipoteza. Zahanati niliyokuwa nampeleka kliniki, kila niliposema mtoto haongei nilijibiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa, nami nikaamini kwa sababu ndilo jibu nililotaka kusikia. Msaada nilikuja kuukuta baadaye, umetawanyika: kipande hospitali, kipande idara ya elimu, kipande ustawi wa jamii, na ofisi hizo hazijuani. Wa kuviunganisha vipande hivyo ni mzazi mwenyewe, akiwa na karatasi mkononi.

Nitakayoeleza ni ya Tanzania Bara. Ninaposema mahitaji maalumu sina maana ya usonji peke yake. Wamo wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa, usikivu au uoni hafifu, wasiotulia kupita kiasi, na wale ambao mwili na akili viko sawa lakini moyo umeumia.

Hatua ya kwanza: andika unachokiona

Daktari atakuwa na mtoto wako dakika kumi au kumi na tano. Katika dakika hizo mtoto anaweza kukaa kimya kama malaika, nawe ukaonekana mama mwenye wasiwasi. Daftari ndilo linalosema yale ambayo daktari hakuyaona.

Gawa ukurasa sehemu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Huu hapa ukurasa mmoja wa kwangu, mtoto akiwa na miaka minne:

"Jumanne, saa 12 jioni. Kabla: umeme umerudi ghafla, redio ya jirani ikalia kwa nguvu. Alichofanya: ameziba masikio, amepiga kichwa mlangoni kama mara tano. Baadaye: baba yake amemchapa, akazidi. Nimempeleka chumbani, nimefunga dirisha, ametulia baada ya dakika 20."

Wiki mbili baadaye niliyasoma yote kwa mpigo. Mara tisa alijipiga, na mara saba kati ya hizo zilitanguliwa na kelele ya ghafla: honi ya bodaboda, blenda, kengele ya mwenye kuuza aiskrimu. Tulikuwa tunamchapa mtoto kwa sababu ya kelele zisizo zake. Baba yake aliposoma ukurasa ule alikaa kimya, na fimbo sikuiona tena.

Andika pia umri wa kila hatua ya makuzi: alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini. Usisubiri "atakua tu" ukiona mojawapo ya haya: amefikisha mwaka habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa kidole, amefikisha miezi 16 hana hata neno moja, amefikisha miaka miwili haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "mama njoo". Kwa upande wa mwili, shingo isiyokaza mtoto akiwa na miezi minne, kutokaa akiwa na miezi tisa, au kutotembea akiwa na mwaka na nusu. Na mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, awe na umri wowote, kesho yake uwe hospitali.

Ukiweza, mrekodi video fupi kwa simu, hasa kama anapata kitu kinachofanana na degedege. Sekunde thelathini za video zitamsaidia daktari kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Hatua ya pili: hospitali, na uanzie masikioni

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama huna imani nacho, kwa sababu unachokifuata pale ni barua ya rufaa. Rufaa ndiyo inayokupandisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda au taifa. Ukiambiwa "tumwangalie kwanza", sema kwa upole lakini usiondoke: "Naomba uandike kwenye kadi kwamba nimelalamika haongei, na tarehe ya kurudi." Neno likishaandikwa kwenye kadi huwa lina uzito wake.

Kipimo cha kwanza kiwe cha usikivu. Wapo watoto walioitwa wajinga, wakaombewa, wakapelekwa kwa waganga, kumbe hawasikii vizuri. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa siyo kipimo. Anaweza kugeuka kwa kuhisi upepo au kuona kivuli. Muda nao una maana hapa: Muhimbili imekuwa ikiwapandikiza watoto vifaa vya kusaidia usikivu tangu 2017, na faida yake ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyegundulika mapema. Baada ya masikio, macho.

Kwa rufaa za juu kuna Muhimbili kwa Dar es Salaam na Pwani, KCMC kwa Moshi na kanda ya kaskazini, Bugando kwa Mwanza na mikoa ya ziwa, na hospitali ya rufaa ya kanda ya Mbeya kwa nyanda za juu kusini. Kwa viungo, mtindio wa ubongo na nyayo zilizopinda, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, imefanya kazi hiyo miaka mingi. Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Jina hilo linawatisha watu, na wapo wanaolitumia kama tusi. Usiache kwenda kwa sababu ya jina.

Ukifika, uliza huduma kwa majina yake: mazoezi ya viungo kwa mwili uliolegea au kukakamaa, tiba kwa vitendo kwa mtoto asiyeweza kushika kijiko, kuvaa au kustahimili sauti na mguso, tiba ya mazungumzo kwa asiyeongea. Wataalamu wa mazungumzo ni wachache sana nchini, kwa hiyo ukimpata mmoja mwombe akufundishe wewe zoezi la kufanya nyumbani. Saa moja kwa mwezi ya mtaalamu haimfundishi mtoto kuongea. Wewe unaye kila siku.

Jambo jingine, na hapa nimeliwa fedha. Usonji hauonekani kwenye kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Unatambuliwa kwa mtaalamu kumwangalia mtoto na kumhoji mzazi. Picha au kipimo cha umeme wa ubongo daktari anaweza kuviagiza akihisi kifafa au tatizo jingine, na hilo ni sawa, ila muulize anatafuta nini. Kituo kimoja binafsi kilinifanyisha vipimo vya laki kadhaa "kuthibitisha usonji", na nikaondoka na bahasha nisiyojua ya kazi gani.

Kuhusu gharama: kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Zaidi ya hapo, kama huna bima na huna uwezo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Ndiye anayeshughulikia msamaha kwa wasio na uwezo. Barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yako itamrahisishia kazi.

Mwenye kifafa asiache dawa siku hata moja kwa sababu ya kuombewa au kupewa mitishamba. Ukitaka kusali, sali, na dawa mpe. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano hajarudi, mkimbize hospitali. Povu lake haliambukizi mtu.

Kabla ya kutoka hospitali, dai ripoti ya maandishi yenye jina la tatizo, saini na muhuri. Wengi wetu huwa tunaondoka na maneno matupu, halafu tunarudi baada ya miezi miwili kuomba karatasi. Toa nakala tatu.

Hatua ya tatu: mtaa wakufahamu

Hatua hii wazazi wengi wanairuka kwa aibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji au mtaa, kata, mpaka halmashauri na mkoa. Mahali pengine kamati ipo hai, pengine ni jina tu kwenye faili. Pamoja na hayo, nenda. Onana na mtendaji wa mtaa, mweleze, muoneshe ripoti, omba jina la mtoto liandikwe miongoni mwa watu wenye ulemavu wa mtaa huo. Chukua na barua ya utambulisho. Ikitokea misaada, viti mwendo, au uandikishaji wa kaya zinazohitaji msaada, jina huanzia hapo. Mtoto asiye kwenye orodha hayumo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Ukitoka hapo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Huyu ni mtu wa kujenga naye mazoea. Ndiye wa kumwendea baba anapokataa kutoa matunzo, ndugu wanapotaka kumficha mtoto ndani, au shule inapomkataa.

Na kwa mambo mazito zaidi: watoto wetu ni windo rahisi kwa wabaya, hasa wasioweza kusema walichofanyiwa. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina malipo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akibadilika ghafla, akaogopa mtu au sehemu fulani, akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, usianze kwa kumgombeza.

Hatua ya nne: shule

Kila halmashauri ina afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Mwanzie yeye kabla ya mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani. Anajua shule ipi ina kitengo cha elimu maalumu, ni cha watoto gani, na kina walimu wangapi. Nenda na ripoti ya hospitali, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa na daftari. Mtoto atapimwa ili ijulikane anafaa wapi, na hapo daftari litafanya nusu ya kazi ya kipimo.

Njia ni tatu hivi. Kuna darasa la kawaida kwenye shule jumuishi, mtoto akisoma na wenzake kwa msaada kidogo. Kuna kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, na hii ndiyo inayopatikana zaidi kwa wenye usonji na ulemavu wa akili. Na kuna shule maalumu kabisa, kama Buguruni Viziwi. Uhuru Mchanganyiko, pale Ilala, ni mfano wa zamani wa shule ya umma inayochanganya wasioona, wenye ulemavu wa akili na watoto wengine. Nje ya Dar es Salaam kuna vituo na shule za mashirika na makanisa: Irente Rainbow kule Lushoto, Gabriella mjini Moshi, Sibusiso karibu na Arusha. Elimumsingi ya umma haina ada tangu 2016, na mtoto wako ni mtoto kama wengine kwenye agizo hilo. Nauli ndiyo itakayokutesa, kwa sababu kitengo mara nyingi kiko daladala mbili kutoka kwako.

Usikubali nafasi bila kwenda kuiona. Nenda saa nne asubuhi, wakati wa uji, utaiona shule ilivyo. Mimi nilikaa kwenye benchi la kitengo kimoja nikamtazama mwalimu akimfundisha binti wa miaka minane kunywa kikombe peke yake. Hakumshikia kikombe. Alikaa nyuma yake, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mtoto, wakakiinua pamoja. Mara ya tatu akaachia kidogo, mara ya tano akabaki na kidole kimoja tu kwenye kiwiko. Uji ulimwagika mpaka kwenye sketi. Mwalimu akasema, "Safi, tena," wakarudia. Nikaandikisha siku hiyohiyo.

Maswali niliyouliza, nawe yaulize hivyohivyo kwa lugha ya kawaida:

"Mwalimu, umesomea elimu maalumu?" Walimu wengi wa fani hii wamepita Chuo cha Patandi, Tengeru. Asiyesomea siyo lazima awe mbaya, ila ujue.

"Asiyejua kwenda chooni mnamfanyaje?" Jibu la swali hili litakuambia kuliko kauli mbiu iliyoandikwa ukutani. Kichungulie na choo chenyewe: kina mlango, kina maji, mtoto asiyesimama vizuri atashika wapi?

"Akipandwa na hasira?" Hapa zungumza habari ya viboko bila kuuma maneno. Kanuni za shule zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto anayejipiga kwa kelele hana kosa la kuchapiwa hata kimoja. Niliwapa walimu ukurasa mmoja ulionakiliwa kutoka kwenye daftari: vinavyomchokoza, vinavyomtuliza, dalili ya kwamba anakaribia kulipuka. Waliubandika ndani ya mlango wa kabati.

"Bweni au kutwa?" Ukiwa na uwezo wa kutwa, chagua kutwa. Bweni kwa asiyeweza kusimulia yaliyompata jana usiku mimi liliniogopesha, na bado linaniogopesha. Lakini simlaumu mzazi wa kijijini ambaye shule ya karibu iko kilomita themanini. Akimpeleka, aende kumtembelea bila kutoa taarifa.

Kwa mtoto anayefuata mtaala wa kawaida, mjulishe mwalimu mkuu mapema sana kwamba atahitaji mazingira tofauti ya mtihani. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine, pamoja na maandishi makubwa, au nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona), kwa wanaohitaji. Taarifa hizo hupita shuleni wakati wa kusajili. Ukikumbuka wiki ya mtihani, umechelewa.

Hatua ya tano: nyumbani

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kila nyumba ina yake. Chukua boksi la sabuni, kata kadi ukubwa wa kiganja, chora au bandika picha: mswaki, kikombe cha uji, sare, daladala, shule, nyumbani. Zipange ukutani kwa mfuatano, na kila kitu kikiisha mtoto aigeuze kadi. Mtoto anayejua kinachofuata hulia kidogo. Sisi ugomvi wa asubuhi ulipungua ndani ya mwezi, ingawa siku ya basi la Mwendokasi kuchelewa bado ni balaa.

Wafundishe watu wa nyumbani maneno yaleyale. Mama akisema "kaa", bibi akisema "tulia hapo", dada akisema "we, acha", mtoto anasikia lugha tatu.

Mtoto aliyeumia moyo

Huyu husahaulika kwa sababu haonekani mgonjwa. Amefiwa, wazazi wametengana, ameshuhudia kipigo, au ananyanyaswa shuleni. Anaumwa tumbo kila Jumatatu. Anakaa peke yake, anapigana, au alama zimeporomoka. Daftari ni lilelile. Msikilize bila kumkatiza, na usimwambie kwamba mwanamume halii. Akiwa amefiwa, mwambie ukweli kwa lugha yake. Ukimwambia baba amesafiri, atamsubiri. Mwone mwalimu wa malezi shuleni, na hali ikizidi wiki kadhaa, omba rufaa ya afya ya akili hospitali ya wilaya au mkoa. Mtoto anayesema anataka kufa hasubirishwi. Asibaki peke yake, ondoa dawa na sumu za panya ndani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: wazazi wenzako

Ningeanza upya, hatua hii ningeiweka ya pili. Mtu aliyenielekeza kwa afisa elimu maalumu hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja kwenye foleni ya Muhimbili, amembeba binti mkubwa mgongoni kwa kanga. Alinitazama, akaniuliza, "Wako naye halali usiku?" Nikaanza kulia palepale.

Ulizia kwenye kitengo au kliniki kama kuna kikundi cha wazazi. Kwa usonji kuna chama cha kitaifa, NAP-T, na vyama vya watu wenye ulemavu vina shirikisho lao, SHIVYAWATA, ambavyo vinaweza kukuelekeza. Pasipo na kikundi, anzisheni. Watatu wanatosha kuanza. Wanawake mkijisajili kama kikundi pale halmashauri, mnaweza kuomba mkopo usio na riba kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mama wa mtoto anayehitaji uangalizi mchana kutwa haajiriki kirahisi. Biashara ya pamoja ya sabuni au vitafunwa inampa mahali pa kusimama.

Kikundi chetu kina wazazi tisa, wawili kati yao akina baba. Jumamosi moja kwa mwezi tunakusanyika uani kwa mmoja wetu. Wawili wanaangalia watoto, mmoja anapika, waliobaki wanaruhusiwa kulala. Mara ya kwanza nililala kwa muda wa saa tatu kwenye mkeka, nikaamka nimefunikwa kitenge cha mtu nisiyemjua jina.

Daftari langu sasa ni la sita. Lile la kwanza lilibaki kwa mwalimu wa kitengo. Anasema bado analisoma.